Aliyekaa Kiti cha Layla

Mlimwacha Layla amesimama katikati ya sebule, rimoti mkononi, stima imepotea. Mpaka sasa hajakaa.

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana nitasema haraka, kisha tuendelee. Layla ni bibi harusi mpya hapa Machakos, msichana wa Kangundo, ameolewa na Yasin mwenye duka la sare za shule nyuma ya msikiti. Asubuhi hiyo Fathia, yule mama wa kamera, alikuwa ameleta kanda ya video ya siku ya kupamba. Layla akafunga mapazia, akaitia kanda kwenye deki, akaketi na wifi yake Mishi ili wajione walivyopendeza.

Wakajiona. Nyimbo, vigelegele, sahani za pilau zikipitishwa juu ya vichwa. Halafu picha ikatetemeka kidogo. Ilipotulia, katika kile kiti chekundu cha bibi harusi, pale pale Layla alipokuwa amekaa, alikuwa amekaa mwanamke mwingine.

Firdaus. Mke wa kwanza wa Yasin. Aliyekufa, akazikwa Garissa kwa wajomba zake, akasomewa hitima na mtaa mzima ukala.

Firdaus akainua macho, akamtazama Layla kutoka ndani ya televisheni, akatabasamu. Hapo ndipo stima ikapotea.

Mwaka ule wa mgao mnaukumbuka. Mvua ilikataa, mabwawa yakakauka, stima ikawa inatolewa kwa zamu kama maji ya mfereji. Zamu ya kina Yasin kukaa bila stima ilikuwa ya mchana. Kwa hivyo msifikiri palikuwa na giza na bundi. Lilikuwa jua kali, na muuza sukuma alikuwa anapita nje akiita wateja. Hiyo ndiyo mbaya zaidi. Mzimu wa usiku unangoja kukuche uondoke. Wa mchana utangoja nini?

Layla hakuwahi kuonana na Firdaus maishani. Picha zake zilitolewa ukutani kabla ya posa. Aliyelitaja lile jina alikuwa Mishi, dada mkubwa wa Yasin, mwenye funguo za kila kabati katika nyumba ile.

"Ni yeye," Mishi alisema, sauti imeshuka. "Ni Firdaus. Amekuja kuchukua kiti chake."

Layla akamwuliza kama mtu aliyekufa anaweza kuingia kwenye video. Mishi akamjibu kwamba wafu hawabishi hodi. Halafu akamshauri, kwa upole mwingi, aende kwao Kangundo akapumzike mpaka mambo yatulie. Begi akamletea yeye mwenyewe. Nguo akamkunjia yeye mwenyewe.

Sasa sikilizeni.

Layla alikwenda kwenye kibanda cha simu, akapiga dukani kwa Bartholomew pale sokoni Kangundo, maana Bartholomew ndiye mwenye simu na ndiye huwaitia watu wa huko. Akamwomba amwite susu yake. Susu ni nyanya kwa Kikamba. Adhuhuri haijapoa, Susu Ndanu alikuwa mlangoni, kiondo begani, viatu mkononi kwa sababu vilikuwa vinamfinya.

Alimsikiliza mjukuu wake mpaka mwisho. Hakushtuka, hakulia. Aliuliza jambo moja tu: huyo mwanamke wa kwenye kioo, mdomo wake ulikuwa umefungwa au umefunguka? Layla akasema alitabasamu, meno yakaonekana.

"Basi anataka kitu," Susu akasema. "Chukua hilo begi, kasichana kangu. Hii nyumba iko na mwenyewe."

Yasin alifika mbio kutoka dukani, futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni. Akamwamkia Susu kwa mikono miwili, akaanza kumsihi. Alisema hajui kilichomo ndani ya kanda hiyo. Na hapo alisema kweli, kwa maana siku ya kupamba ukumbi hufungwa, wanawake huvua mabuibui, husuka nywele, huvaa nguo za kung'aa, hucheza wanavyotaka. Mwanamume haingii, hata ndugu wa bibi harusi. Na asiyeingia ukumbini haiangalii kanda. Ndiyo sababu Fathia ana kazi mjini: hakuna mwanamke mwingine mwenye kamera.

Susu Ndanu alimsikiliza huku akimpangusa Layla jasho la shingo.

"Yasin, wewe ni mtoto mzuri, na mimi sina ubaya na wewe," akasema. "Lakini nikimtoa huyu leo, simrudishi. Sitaki kukudanganya."

Layla akamtazama mumewe. Niliwaambia wiki jana kwamba alimpenda. Alikuwa na mazoea ya kwenda dukani jioni kumshonea vifungo, na Yasin alikuwa na mazoea ya kuvikata vifungo vingine makusudi ili asirudi nyumbani upesi. Watu kama hao hutenganishwa na nini? Na mwanamke aliyezikwa. Huyo huwezi kugombana naye, huwezi kumshtaki kwa wazee, huwezi hata kumsema vibaya.

Yasin akaomba jambo moja. Stima ikirudi, waiangalie ile kanda tena, na Susu awepo. Firdaus akionekana, yeye mwenyewe atalibeba begi la Layla mpaka stendi. Asipoonekana, Layla abaki kwake.

Susu akafikiri. Akatandaza kanga yake sakafuni, akakaa.

"Nitangoja," akasema. "Lakini jua likishuka nyuma ya vilima vya Mua, tunaenda, stima irudi isirudi."

Mishi alisema ni kupoteza wakati.

Palikuwa na shida nyingine. Stima ilipokatika, ilikatika kanda ikizunguka, na deki ikaishika. Kila wakibonyeza, haitoki. Mtu wa kuitoa ni fundi, na fundi wa televisheni na video mtaa ule ni Kaloki. Mwanamume.

Kitendawili, wajukuu. Niko na nyumba nyeusi, haina mlango wala dirisha, na ndani harusi inachezwa haiishi. Nasikia mmoja amesema kanda ya video. Amepata, mji wangu nabaki nao.

Basi nyumba hiyo ndiyo Kaloki aliitwa kuifungua, bila kutazama ndani.

Mishi aliifunika televisheni kwa leso mbili, akafunga fundo nyuma kama anayembeba mtoto mgongoni. Kaloki akaketishwa kwenye kiti kilichoelekezwa ukutani, akapewa deki mapajani. Yeye ni mtu wa kanisa, lakini amekaa na Waislamu wa mjini miaka mingi na adabu zao anazijua. Alisema tu, huku akitafuta bisibisi, kwamba stima haipo, kwa hivyo hata wakizitoa hizo leso ataona sura yake mwenyewe na si zaidi.

"Hiyo nenda ukaione kwako," Mishi akamwambia.

Kaloki alifungua kifuniko, akaingiza vidole, akavuta polepole. Kanda ikatoka. Na kwenye ubavu wa kanda kulikuwa na kitu kimejikunja, cha rangi ya kahawia, kinanata, na unywele mmoja mrefu umeshikana nacho. Kaloki akakinyanyua juu bila kugeuka.

"Hiki ndicho kimeshika deki yenu," akasema.

Susu Ndanu alirudi nyuma na kanga yake.

"Hiyo ni dawa," akasema. "Mnaona huo unywele? Mtu amefungwa hapo."

Sasa hata Yasin, aliyekuwa amejikaza, akaegemea mlango. Mishi akaanza kusoma dua kwa sauti. Layla alikinyoosha kile kitu kwenye kiganja chake. Kilikuwa kipande cha selotepu, kikuukuu. Unywele ulikuwa mweusi, na ulikuwa mrefu kuliko wake.

Kaloki alikuwa ndiyo tu ameirudisha kanda ndani na kuunganisha waya, stima ikarudi. Deki ikakohoa, ikajianzisha. Kutoka chini ya zile leso vigelegele vikalipuka na ngoma ikaanza. Kaloki akajifunika macho kwa viganja viwili, bisibisi bado iko katikati ya vidole.

"Nimefunga," akasema. "Nimefunga kabisa. Mtu anishike mkono anitoe."

Susu akamshika mkono wa shati, akamwongoza nje kama kipofu wa sokoni, akimwonya juu ya ngazi. Huko nje alisikika akimwambia muuza sukuma kwamba amepona.

Yasin naye akatoka. Lakini hakwenda mbali. Alisimama barazani nyuma ya pazia la mlango, mahali anaposikia na haoni. Layla akamtuma mtoto wa jirani akamwite Fathia. Fathia anakaa nyumba ya pili, akafika na unga mikononi, alikuwa anakanda chapati.

Leso zikatolewa. Layla akairudisha kanda nyuma, akabonyeza.

Ukumbi. Nyimbo. Layla amekaa kwenye kiti chekundu, mikono ina hina mpaka kwenye viwiko, anajaribu kutocheka. Wanawake wanapita mbele yake mmoja mmoja. Halafu picha ikatetemeka.

Firdaus.

Alikuwa amekaa vile vile. Vazi jeupe, kidani cha dhahabu, nywele ndefu zimeachwa begani. Akainua macho. Akatabasamu. Fathia akasema Bismillahi na unga ukamwagika kwenye zulia.

Susu hakupiga kelele. Alisema maneno machache ya Kikamba, chinichini, kama mtu anayeongea na ng'ombe mkali. Kisha akainuka, akaenda kuchukua begi la Layla.

"Nimeona," akasema. "Twende."

Nyuma ya pazia, Yasin alisikia. Alikuwa ametoa ahadi.

Lakini Layla hakuinuka. Alibonyeza rimoti, picha ikasimama, ikawa inatikisika mahali pamoja. Akapiga magoti, akausogelea uso wa marehemu mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo. Mishi akamwambia aondoke hapo, atapatwa na kitu. Layla alikuwa anaogopa, msinielewe vibaya. Ila alikuwa anaogopa kuondoka kuliko kubaki.

"Pazia," akasema.

Wakamwuliza pazia gani.

"Pazia la nyuma ya kiti ni la kijani. Langu lilikuwa la dhahabu. Nililichagua mwenyewe, tukabishana na Fathia."

Fathia akasogea, akainama, akatazama. Kisha akakaa chini kwenye unga wake.

"Wallahi," akasema. "Hii si siku yako. Lile pazia la kijani liliungua na ubani, tukalitupa. Hii ni siku ya Firdaus mwenyewe. Niliipiga mimi."

Akaeleza. Siku ya Layla betri ya kamera iliisha katikati ya nyimbo. Akaitoa, akatia nyingine, na kama kawaida yake akaisogeza kanda mbele kidogo kabla ya kuendelea, ili asije akafuta alipoishia. Pale alipoparuka ndipo palipobaki pa zamani. Picha za Layla huku na huku, na kipande cha Firdaus katikati, kama kiraka.

Haya basi. Mnapumua? Susu naye alipumua. Lakini Layla alikuwa bado ana swali, na ninyi pia mnalo.

"Pa zamani kwa nini, Fathia? Si kanda ilikuwa mpya?"

Fathia akasema wiki ile maduka yote ya mji hayakuwa na kanda, akaambiwa atatafutiwa. Akaletewa hiyo kutoka nyumba hii hii. Hakuuliza, kazi zilikuwa nyingi. Aliona tu kwamba kile kijino cha pembeni kimevunjwa na shimo lake limezibwa kwa selotepu.

Layla akafungua kiganja. Kile kipande bado kilikuwa kimemganda.

"Mtu asiyetaka kanda yake ifutwe huvunja kijino hicho," Fathia akasema. "Deki ikikosa kijino, inakataa kurekodi, mpaka shimo lizibwe. Firdaus alikivunja mbele yangu, kwa mpini wa kijiko, siku niliyomletea. Alisema hii isifutwe hata mimi nikifa."

Kwenye kioo Firdaus alikuwa bado anatikisika, meno nje.

"Na shimo?" Layla akauliza. "Lilizibwa na nani?"

Fathia alimtazama Mishi. Mishi alilitazama pazia la mlango. Na pazia likajibu.

"Ni mimi."

Sauti ya Yasin ilikuwa karibu sana, kama amekaa chini nyuma ya kile kitambaa. Aliyasema yote bila kupumzika. Kwamba ile kanda ilibaki kabatini baada ya Firdaus. Kuitupa hakuweza. Kuiangalia hakuruhusiwa, siku ile moja ya mkewe wanawake wote waliiona, yeye hakuiona. Kila akifungua kabati iko pale. Alipoambiwa kanda zimekosekana mjini, akaona ni kama amefunguliwa njia.

"Nilisema afadhali furaha yako ikae juu ya huzuni ile," akasema. "Nilifikiri ikikaa juu, ya chini inaisha."

Susu akamgusa Layla bega.

"Kwa hivyo ulinirekodi juu ya mwenzangu," Layla akasema.

Susu Ndanu akaliweka begi chini. Akaanza kucheka, kwanza kidogo, kisha mabega yakamtikisika. Alisema ametoka Kangundo na viatu vinamfinya kwa sababu ya gundi. Mzimu wa selotepu, akasema, huo hata kwa mababu haukuwepo. Halafu akajifuta macho, akawa mtu mzima tena.

"Kasichana kangu, mimi nilikuja kukutoa kwa mzimu. Mzimu hakuna. Mume mjinga, huyo ni wako, sina dawa yake. Ukitaka twende, twende. Ukitaka ubaki, nitakunywa chai nirudi."

Layla akatazama pazia. Akatazama kioo. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu asubuhi. Akakaa.

"Kwanza nataka kumaliza kujiona," akasema. "Ni harusi yangu. Nimeangalia nusu."

Hapo ndipo Mishi aliposimama mbele ya televisheni.

Alisema imetosha. Alisema deki ina joto na stima ya mgao huunguza vitu ikirudi, na kwamba si adabu kumchezea marehemu. Mkono wake ulikuwa umeshafika nyuma, unatafuta swichi. Ni huyu huyu aliyesema mzimu umerudi. Sasa mzimu umekuwa gundi, na badala ya kufurahi anatetemeka.

"Mama Mishi," Susu akasema kwa heshima zote, "nimekuja mbali. Wacha na mimi nijione nikicheza."

Mishi akasogea. Angefanya nini? Nyanya ya watu ameomba.

Picha ikaendelea. Firdaus akatoweka, Layla akarudi kitini, pazia la dhahabu nyuma yake. Wakacheka walipoona mama mmoja akificha nyama kwenye mkoba. Fathia akaonyesha pale alipopanda juu ya kiti ili apate ukumbi wote, na kamera ikawa inazunguka taratibu, meza kwa meza, mpaka kwenye kona ya mlango wa jikoni.

"Huyo ni mimi," Susu akasema, akajisogeza mbele kwa raha. Alikuwa kweli ni yeye, na kitambaa chake cha maua, anamenya ndizi.

Kando yake alikuwa amekaa mwanamke mwenye nikabu nyeusi, amejifunika uso mzima, peke yake katika ukumbi ule wa wanawake waliovua kila kitu. Ana chupa ya soda mkononi. Akageuka upande, akainua nikabu ili anywe. Kamera ikapita.

Layla akairudisha nyuma. Akaisimamisha.

Nitawaambia alichokiona kama kilivyokuwa, sitaongeza chumvi. Uso ulikuwa umekonda. Nywele hazikuonekana. Lakini yale macho alikuwa ameyatazama muda si mrefu, amepiga magoti, mpaka kioo kikaingia ukungu.

"Fathia," akasema. "Hapa ni pa zamani?"

Fathia alitikisa kichwa. Hakuna haja ya kueleza. Susu Ndanu hakuwahi kuingia ukumbi ule kabla ya siku ya mjukuu wake, na pale alikuwa amekaa, ndizi mkononi, bega kwa bega na yule mwanamke.

Raha yote ilimtoka Susu usoni.

"Huyo mama tuliongea," akasema. "Aliniuliza kama nyumba anayoolewa huyu mtoto wanamtendea vizuri. Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza kama nina hakika. Halafu akanishika mkono, akaushika sana." Akautazama mkono wake mwenyewe. "Mkono wake ulikuwa na joto."

Kitendawili kingine, wajukuu, na hiki sikukitega mimi. Amezikwa na hajafa. Nipeni jibu. Mimi mji sina wa kuwapa.

Kutoka nyuma ya pazia Yasin akauliza kuna nini, mbona wamenyamaza. Akauliza tena. Layla alitazama wale wanawake wote kwenye kioo, vichwa wazi, mikono wazi, wake za watu na mabinti wa watu waliomwamini Fathia. Fathia alielewa anachofikiri, akamshika nguo, akamwambia hapana, haifai, mji mzima utamlaani.

Layla akaichukua kanga ya Susu kutoka sakafuni. Akaitandaza juu ya televisheni, akaikunja huku na huku, akabana pembe zake, mpaka ukumbi wote ukafunikwa, na Layla mwenyewe wa kwenye kiti akafunikwa, na Susu na ndizi yake wakafunikwa. Pakabaki kipande kidogo cha mwanga, upana wa kiganja. Uso mmoja.

"Yasin," akaita. "Ingia."

Akaingia ameinamisha macho, kama mtu anayeingia nyumba ya msiba. Layla akamwambia ainue. Akainua.

Nilitaka kuwaambia kwamba alilia, au alianguka. Hakufanya hivyo. Alisogea, akachuchumaa mbele ya ule mwanga. Midomo ikacheza bila sauti. Layla alikuwa anamtazama yeye, si kioo, na kabla hajasema chochote alijua. Mwanamume hawezi kuitazama picha ya mgeni namna ile.

"Ni yeye," Layla akasema, na halikuwa swali.

Yasin alikuwa amegeuka. Hakugeuka kwa mkewe, wala kwa Susu, wala kwa Fathia aliyejaa unga. Alimgeukia dada yake, ambaye alikuwa amefika mlangoni bila mtu kusikia hatua zake.

"Dada," akasema, polepole, kama anayeongea na mgonjwa. "Kule Garissa nilifika mmeshazika. Ni wewe uliyenishika mkono ukanipeleka. Lile kaburi nililolililia, ni la nani?"

Mishi akavuta ncha ya buibui lake. Na mbele ya ndugu yake wa tumbo moja, mtu ambaye hajawahi kujificha kwake tangu kuzaliwa, akajifunika uso.